Breki Haina Krosi

Ukitoka Katwe, huku magharibi mwa Uganda, na mzigo wa chumvi, unakwenda polepole mpaka njia panda ya Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ndipo unashika lami ya Mpondwe. Pale njia panda lazima usimame, kwa sababu malori yanayotoka Kasese hayakungoji. Unasimama, unaingiza gia ya kwanza, unaachia klachi, gari linaondoka. Kwa miezi mitatu gari langu halikuondoka hivyo. Liliondoka kwa kishindo kimoja, ngo!, kama mtu aliyelala chini yake amegonga chesisi kwa nyundo. Kisha kimya. Unaongeza gia, kimya. Unafika Kinyamaseke, mbuzi wanavuka, unakanyaga breki: ngo!

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu, injini ya 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2. Lina springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangana, mbele na nyuma, na fowili ya kizamani, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne: unashuka, unafunga loki kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, unarudi ndani kuvuta kile kijiti kifupi. Nililinunua kwa mzee mmoja wa kahawa wa huko milimani, likiwa limeshachoka, na hata hivyo limesomesha watoto wangu wawili. Kila liliposema ngo, mke wangu aliyekaa pembeni alinitazama bila kusema neno, nami nilijua anachohesabu. Alikuwa anahesabu ada ya muhula wa pili.

Kijiweni Bwera kila mtu alikuwa na jibu. "Krosi hizo," akasema dereva wa kwanza kabla sijamaliza kueleza. Fundi kijana aliyevuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, akakubali kwa neno lake: "Ni kardani, mkubwa." Huku kwetu mpakani kitu kimoja kina majina mawili kutegemea umelala upande gani wa mto Lubiriha. Sisi tunaita krosi kwa sababu kina umbo la msalaba. Wao wamelipokea jina kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelitoa kwa Gerolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, tabibu na mwanahisabati. Nalipenda jina hilo la Kikongo. Kila linapotajwa gerejini, mtu aliyekufa mwaka 1576 anatajwa na vijana walioloa oili mpaka viwikoni.

Basi nikaanza na krosi, na sikukosea kuanzia hapo. Propela, ule mtaimbo mrefu chini ya gari, hupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, lile boksi la meno katikati ya ekseli, na kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka na springi, lazima propela iweze kukunjika kila mwisho wake. Kazi hiyo ndiyo ya krosi: msalaba wa chuma wenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe vijiti vyembamba kama sindano vinavyozunguka kwenye grisi. Grisi ikiisha au maji yakiingia, sindano zinasagika, na ule unga wake hutoka nje ukiwa mwekundu kama vumbi la matofali. Ukiona wekundu huo pembeni mwa kikombe usibishane nao.

Kuipima ni rahisi. Weka gari mahali tambarare, kabari mbele na nyuma ya magurudumu, gia huru. Shika propela kwa mkono mmoja na ule uma wake kwa mkono mwingine, sokota huku na huku. Vikienda pamoja, ni salama. Kimoja kikitangulia na kingine kikafuata, krosi imekufa. Ya kwangu ya nyuma, karibu na difu, ilikuwa imekufa na ina wekundu. Tulipiga alama ya rangi kabla ya kufungua, ili propela irudi ilivyokuwa, maana uma wa mwisho mmoja ukipishana na wa mwisho mwingine gari litatetemeka mpaka utadhani magurudumu yanachomoka. Tukafunga krosi mpya, tukajaza grisi mpaka ya zamani ikatoka kila pembe.

Kishindo kikapungua. Hakikuisha.

Hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima. Nilikuwa nimekuta kitu kibovu kweli kweli, nimekishika kwa mkono, nimekibadilisha kwa fedha yangu, na moyo wangu ukakataa kuamini kwamba kulikuwa na kingine. Nikawa najiambia krosi mpya bado inajizoesha. Krosi haijizoeshi. Gari la miaka thelathini lina vitu vingi vilivyolegea kwa wakati mmoja, na kukuta kimoja hakukuhakikishii kwamba ndicho kinachogonga.

Nikaenda gereji moja Kasese mjini. Walilisikiliza dakika mbili, wakasema difu. Lishushwe, lifunguliwe, meno yatazamwe, na huenda likahitajika la mtumba kutoka Kampala, soko la Kisekka. Bei waliyotaja sitaiandika, bado inaniuma. Nikawaomba siku moja.

Siku hiyo niliitumia kulihoji difu mwenyewe, na jinsi ya kulihoji inafaa kujulikana, kwa sababu difu husingiziwa kuliko kiungo kingine chochote cha gari. Kwanza nilimwaga oili yake kwenye beseni safi. Bolti ya kumwagia ina sumaku. Ikishika uji laini wa kijivu, huo ni uzee wa kawaida. Ikishika vipande vinavyong'aa, au kitu chenye umbo la kipande cha jino, hapo kweli fungua. Ya kwangu ilishika uji tu. Nikachuja oili kwa kitambaa cheupe juani, nikatazama, hapakuwa na kitu.

Pili nilihesabu. Nilipiga chaki tairi moja la nyuma na nikapiga chaki propela. Tairi hilo likanyanyuliwa, la upande wa pili likabaki chini na kabari zake. (Na hapa nakusihi: ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, kuacha gari kwenye gia hakulishiki tena, difu litaliachia lizunguke upande ulio hewani. Kabari ndizo zinazokulinda, na jeki peke yake usiingie chini yake kamwe, weka stendi au magogo.) Nikazungusha tairi. Kwa kuwa upande mmoja umesimama, tairi lazima lizunguke mara mbili ndipo gurudumu kubwa la meno ndani ya difu lizunguke mara moja. Katika mizunguko hiyo miwili propela ilizunguka mara nne na kidogo. Kwa hiyo gari likiwa barabarani, kila mzunguko mmoja wa tairi propela huzunguka mara nne na kidogo. Jino lililovunjika kwenye gurudumu kubwa lingegonga mara moja kila tairi linapozunguka. La pinioni, lile gurudumu dogo la meno linalozungushwa na propela, lingegonga mara nne na zaidi. Na vyote vingeongeza kasi kadiri gari linavyoongeza kasi. Kishindo changu hakikufuata mwendo wa kitu chochote kinachozunguka. Kiligonga mara moja, kikanyamaza kilomita kumi.

Nilijaribu pia pale propela inapoingia ndani ya mwenzake, ile sehemu yenye meno marefu inayorefuka na kufupika. Ikikauka hukwama, halafu huachia ghafla gari linaposimama au kuondoka, na wenye Toyota wengi wamebadilisha vitu vya maana kwa kosa la grisi tu. Nikatia grisi, nikaacha mara nilipoona propela inaanza kusukumwa, kwa sababu ukiijaza kupita kiasi haitakuwa na pa kufupikia. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo nikamwendea fundi mmoja mkongwe, tunayemwita Mzee.

Mzee huyu alianza kazi akiwa kijana katika karakana ya migodi ya Kilembe, kabla uchimbaji wa shaba haujasimama mwaka 1982. Kiswahili chake ni cha migodini, kifupi, cha kupigia kelele za mashine. Siku hizi hainuki sana kwenye kiti chake, vijana ndio wanaolala chini ya magari, yeye anasikiliza. Nikamsalimu, nikaanza kueleza: Mzee, linagonga chini, nyuma ya kiti, upande wa kati hivi.

"Sikukuuliza wapi," akasema. "Linagonga lini?"

Nikasema likiondoka na likisimama.

"Kila likiondoka?"

Nikanyamaza. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimelisikiliza gari hilo kwa hofu, na sikuwa nimewahi kulisikiliza kwa kuhesabu. Mahali sauti inapotokea ni jambo gumu kwenye pikapu: chesisi ni chuma kirefu kutoka pua hadi mkia, kinabeba mlio kama waya wa simu, kitu kikigonga nyuma unakisikia chini ya kiti. Wakati wa mlio haupotei njiani namna hiyo.

Akapanda pembeni yangu, tukaenda kwenye barabara tambarare. Ondoka. Ngo. Kanyaga breki. Ngo. Ondoka. Ngo. Kisha akasema, sasa kanyaga klachi, liache litambae lenyewe mpaka lisimame, usiguse breki. Likasimama. Ondoka. Kimya. Akanirudisha tena, na tena, mara nane au tisa. Kila tuliposimama bila breki, gari liliondoka bila kishindo. Kila tuliposimama kwa breki, liligonga mara mbili: mara ya kusimama, na mara ya kuondoka baada yake.

"Toa propela ya nyuma," akasema.

Gari la namna hii lina neema hiyo. Propela ya nyuma ikitoka unafunga loki za mbele, unaingiza fowili, gari linavutwa na ekseli ya mbele peke yake. Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira usio na mtu, propela ikalazwa kwenye majani, nikaondoka. Kimya. Nikasema moyoni, basi ni difu, wale wa mjini walikuwa sahihi. Mzee akapiga kelele kutoka kivulini: breki! Nikakanyaga.

Ngo!

Nikaondoka tena, nikakanyaga tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya. Nikachanganyikiwa kabisa. Akaniita kwa mkono: rudi nyuma, halafu breki. Nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga: ngo! Nikaenda mbele, nikakanyaga: ngo! Mbele tena, breki: kimya.

"Breki haina krosi," akasema Mzee. "Na propela yako ile pale kwenye majani."

Nilikaa na maneno hayo dakika nzima kabla hayajaniingia. Propela ikisukuma magurudumu ya nyuma, ekseli nayo inasukumwa kwenda mbele, na ndiyo inayolisukuma gari zima kupitia springi. Ukikanyaga breki gari likienda mbele, ekseli inarudishwa nyuma. Ukikanyaga breki ukirudi kinyumenyume, inapelekwa mbele. Sasa chukua ekseli ambayo haikushikwa sawasawa kwenye springi zake. Itasogea na kugonga kila inapobadilishiwa upande. Ikishafika nyuma, breki ya pili haina pa kuipeleka, ndiyo maana ilinyamaza. Kila kitu nilichokisikia uwanjani kilikuwa kinasema hivyo, na wala hakikuwa na uhusiano na giaboksi, klachi, krosi wala difu. Kishindo kilikuwa na sura yote ya ugonjwa wa propela, na propela ilikuwa inakisababisha kwa kusukuma tu.

Tulirudisha propela. Mzee akamwagiza kijana afunge waya mgumu kwenye chesisi, ncha yake ielekee kwenye ekseli, na pale ncha inapoelekea akapiga mstari wa chaki. Upande wa kulia na wa kushoto. Nikaingia ndani, wao wakasimama pembeni, mbali na njia ya magurudumu, nikaondoka hatua mbili na kukanyaga breki, mbele na nyuma. Kulia chaki haikuhama. Kushoto ilihama nusu ya ukucha wa kidole gumba, kila mara, na kila mara ilipohama ilisema ngo. Tanboi wangu, msaidizi wa gari, alipiga makofi kama aliyeona goli. Mimi nilitaka kulia. Miezi mitatu.

Kufungua kulichukua mchana wote. Nati za yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na yubolti zenyewe, tukazikata kwa msumeno. Majani ya springi yanashikanishwa na bolti moja inayopita katikati yake yote, senta bolti, na kichwa chake hukaa ndani ya tundu la kiti cha springi kwenye ekseli. Yubolti ndizo zinazobana, kichwa hicho ndicho kinachozuia ekseli isiteleze. Cha kwangu kilikuwa kimeliwa kikabaki kama punje ya hindi, na tundu lake lilikuwa limepanuka likawa refu kama yai. Kiti kilikuwa kinang'aa pale chuma kilipokuwa kinasugua chuma, na pembeni kote palikuwa na ganda la kutu na chumvi.

Chumvi. Nilipaswa kujua. Nimebeba chumvi ya Katwe miaka mingi. Wanaume wanaingia ziwani kung'oa mabonge ya chumvi ya mawe, ile ya ng'ombe, na wanawake wanakusanya chumvi nyeupe kwenye vitalu vyao, na yote hupakiwa ikiwa bado ina unyevu. Magunia yanadondosha maji njia nzima. Maji hayo yanapita kwenye mbao za bodi, yanashuka kwenye chesisi, yanatulia pale kwenye springi, kati ya jani na jani, ambapo hakuna upepo wala jua. Kando ya ziwa lile bado limesimama gofu la kiwanda cha chumvi kilichoanza kujengwa miaka ya 1970. Hakikudumu: maji ya ziwa yaliyatafuna mabomba yake. Nimepita mbele ya gofu hilo mamia ya safari, nimelionyesha kwa wageni, na sikuwahi kuinama kutazama maji yale yale yanafanya nini chini ya gari langu.

Kwa matengenezo sina mengi. Fundi wa kuchomelea alijaza tundu kwa chuma na kulitoboa upya kwa kipimo. Senta bolti mpya iligharimu chini ya sahani mbili za wali na maharage. Yubolti nne mpya, kulia pia, maana za zamani zikishavutika hazibani tena hata nati ikizunguka. Tulizikaza kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, na ukazaji wa mwisho tukaufanya gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Baada ya safari ya kwanza nilizikaza tena, zikakubali robo mzunguko. Baada ya ya pili hazikukubali kitu. Siku hizi turubai zito liko chini ya magunia, limekunjwa kingo maji yatokee mkiani, na kila nikirudi naliosha gari kwa maji yasiyo na chumvi, napiga brashi springi, naliacha juani.

Mzee nilipompelekea shukrani yake aliipokea kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimetazama za mbele. Nilisema bado.

Safari ya kwanza mke wangu alikuwa pembeni. Kikorongo nilisimama, lori likapita, nikaachia klachi. Gari likaondoka kama maji. Hakunitazama. Alikuwa anatazama nje, upande wa milima, na tulipofika Kinyamaseke nikakanyaga breki kwa nguvu ingawa hapakuwa na mbuzi, akacheka.

Za mbele nimeanza kuzipiga brashi jana. Kulia ni safi. Kushoto ganda limetoka vipande vinene, na ile nati ya chini ya yubolti ya nyuma imezunguka kwa mkono mtupu. Mzigo wa Ijumaa nimempa mwenzangu aubebe. Jumamosi asubuhi tunafungua.